Kambi Zenu Zote: Historia ya Tafsiri Iliyochekwa Ulimwenguni

Utangulizi

Katika somo la tafsiri, sisi walimu tumezoea kuchukua mifano yetu kutoka kwenye matini zenye heshima: vitabu vitakatifu, sheria, hotuba za viongozi, na tamthilia za Shakespeare ambazo Mwalimu Julius Nyerere alizitia katika Kiswahili miaka ya 1960. Ni mifano mizuri, nasi tutaendelea kuitumia. Lakini mojawapo ya tafsiri mbovu zilizopata umaarufu mkubwa mno duniani haikutoka katika kitabu wala katika mkataba. Ilitoka katika mchezo wa video wa Kijapani uitwao Zero Wing, mchezo wa vita vya angani uliouzwa Ulaya mwaka 1992 kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Sega Mega Drive.

Sentensi yenyewe ni hii: "All your base are belong to us." Anayejua Kiingereza cha kidato cha kwanza huona mara moja kwamba haikukaa sawa. Tukitaka kumwonjesha msomaji wa Kiswahili ladha yake, tungeandika "Kambi yenu zote ni zinamilikiwa sisi." Watu waliicheka kwa miaka mingi, wakaifanyia muziki, mabango na vichekesho, na hata leo wako wanaoitamka bila kujua ilikotoka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mchezo huo ulitoka wapi, sentensi hiyo ilizaliwaje, ilisafirije, na Kijapani chake kilikuwa kinasema nini hasa. Hoja yetu ni moja: kosa lililochekwa na dunia nzima lilikuwa dogo kuliko kosa ambalo halikuchekwa. Jambo hilo linatuhusu sana sisi ambao kila muhula tunasahihisha tafsiri za wanafunzi kwa kalamu nyekundu.

Michezo ya vita vya angani ilikoanzia

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Ndani yake mchezaji anaongoza mzinga ulio chini ya skrini, ukienda kushoto na kulia tu, huku safu za viumbe wa angani zikishuka taratibu. Mandhari haisogei. Kila kinachotokea kinatokea katika kipande kimoja cha mbingu kinachoenea kwenye kioo.

Hatua kubwa ilipigwa mwaka 1981. Kampuni ya Williams ya Marekani ilitoa Defender, kazi ya Eugene Jarvis na wenzake, ambamo chombo kinaruka kwa ubavu juu ya nchi iliyo pana kuliko skrini. Mchezaji anaona sehemu tu ya ulimwengu wake, na anahitaji ramani ndogo juu ya kioo ili ajue adui yuko wapi. Mwaka huo huo Konami ya Japani ikatoa Scramble, ambao mandhari yake hujisogeza yenyewe kutoka kulia kwenda kushoto, mchezaji apende asipende. Baada ya hapo ilifuata Gradius ya Konami mwaka 1985 na R-Type ya Irem mwaka 1987, na kanuni za aina hii ya mchezo zikawa zimetulia: chombo kimoja kidogo upande wa kushoto, maadui wasiohesabika kutoka kulia, silaha za kuokota njiani, na jitu kubwa la kupambana nalo kila mwisho wa hatua.

Toaplan ilikuwa kampuni ndogo ya Tokyo iliyoundwa mwaka 1984. Sifa yake ilikuwa michezo ya ndege zinazopanda kutoka chini ya skrini kwenda juu, kama vile Tiger-Heli ya mwaka 1985 na Tatsujin ya mwaka 1988. Mwaka 1989 iliingia katika mtindo wa ubavu kwa michezo miwili, Hellfire na Zero Wing. Katika Zero Wing chombo cha mchezaji kinaitwa ZIG. Anayeokota alama nyekundu hupata risasi za kutawanyika; za buluu humpa miali ya leza; za kijani humpa makombora yanayomfuata adui yenyewe. Jambo la pekee ni mwali wa kunasa: ZIG huweza kumvuta adui mdogo, ikamshika mbele yake kama ngao, kisha ikamrusha kwa wenzake. Ni mchezo mzuri, lakini kama ungebaki kwenye kumbi za mashine za sarafu usingetajwa katika jarida la lugha.

Kutoka ukumbini hadi sebuleni

Mashine ya ukumbini na mashine ya nyumbani hazina biashara moja. Ukumbini mchezaji anatia sarafu, na mwenye mashine anataka sarafu hiyo iishe upesi ili itiwe nyingine. Hadithi ndefu kwake ni hasara. Nyumbani mzazi amekwisha kulipa bei nzima ya kaseti, na mtoto anataka aone kwamba amepata zaidi ya kile anachokipata ukumbini. Ndiyo sababu michezo mingi iliyohamishwa kutoka ukumbini kwenda nyumbani iliongezewa hadithi ya mwanzo, picha na miisho.

Mega Drive ilianza kuuzwa Japani mwaka 1988 na Ulaya mwaka 1990. Toaplan wenyewe waliuhamishia Zero Wing kwenye mashine hiyo, nao ukatoka Japani mwaka 1991. Humo waliongeza tamthilia fupi ya mwanzo ambayo haikuwamo katika mashine ya ukumbini. Ni mwaka 2101, na vita vinaanza. Ndani ya meli ya angani unatokea mlipuko. Nahodha anauliza kuna nini. Fundi anajibu kwamba baruti imetegwa. Mpokeaji wa mawasiliano anaarifu kwamba kuna ujumbe unaingia. Kwenye skrini kubwa anajitokeza CATS, nusu mtu nusu mashine, anawatangazia kwamba kambi zao zimekwisha kuchukuliwa, anawacheka, kisha anatoweka. Nahodha anaamuru vyombo vyote vya ZIG virushwe. Hapo mchezo unaanza.

Tamthilia hiyo ni ya dakika chache tu, na maneno yake yote yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Mwaka 1992 Sega waliiuza kaseti hiyo Ulaya ikiwa na maneno ya Kiingereza, na Kiingereza hicho hicho ndicho kilichowafikia Waingereza, Wafaransa na Wajerumani. Kwa wanunuzi wengi, basi, lugha ya mchezo haikuwa lugha yao ya nyumbani wala lugha ya aliyeuandika. Katika Marekani Kaskazini kaseti hiyo haikuuzwa wakati huo. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana Wamarekani waliokuja kuicheka sentensi yetu hawakuinunua dukani.

Nani alitafsiri?

Miaka mingi baadaye Tatsuya Uemura, mmoja wa watunzi wa muziki wa Zero Wing, alieleza katika mahojiano kwamba Kiingereza cha mchezo kiliandikwa na mtumishi wa Toaplan aliyeshughulikia biashara ya nchi za nje, na kwamba Kiingereza cha mtumishi huyo kilikuwa kibaya sana. Kwa maneno mengine, kazi hii haikupelekwa kwa mfasiri. Ilipelekwa kwa mtu aliyekuwa karibu na Kiingereza kuliko wenzake.

Hali hiyo si ngeni kwetu hapa Uganda. Ni mara ngapi ofisi imempa tangazo la Kiswahili dereva aliyekaa Mombasa miaka miwili, au karani aliyeolewa Tanga, kwa sababu "anakijua"? Mtu huyo huandika anachoweza, tangazo likabandikwa, na wapita njia wakacheka. Ubaya hauko kwa aliyeombwa. Uko kwa anayedhani kwamba kuijua lugha na kuitafsiri ni kitu kimoja. Waswahili wamesema kuuliza si ujinga. Lakini anayetaka kuuliza lazima awe na mtu wa kumwuliza, na awe na muda wa kufanya hivyo.

Tukumbuke pia kwamba wakati ule maneno ya michezo hayakuhesabiwa kuwa fasihi. Yalihesabiwa kuwa sehemu ya mwisho ya mashine, kama maelezo yanayobandikwa nyuma ya redio. Kwa mwuzaji, mtoto angebonyeza kitufe, maneno yangepita, na vita vingeanza. Hakuna aliyetazamia kwamba kipande kile cha dakika chache kingesomwa na watu wengi kuliko walioucheza mchezo.

Kicheko kinavyosafiri

Kaseti za Mega Drive zilipoanza kuzeeka, watu walitengeneza programu zinazoiga mashine hiyo ndani ya kompyuta, na michezo ya zamani ikaanza kupita mkono kwa mkono kupitia intaneti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tamthilia ya mwanzo ya Zero Wing ilikuwa ikisambazwa kama picha zinazotembea. Baadaye vijana wakaanza kuichomeka sentensi ya CATS katika picha za kila namna: alama za barabarani, mabango ya biashara, picha za viongozi. Kikundi cha The Laziest Men on Mars kilichukua muziki wa mchezo huo na kuufanyia wimbo wa dansi wa tekno. Mapema mwaka 2001 wimbo na picha viliunganishwa kuwa filamu fupi, na baada ya majuma machache magazeti makubwa ya Marekani yalikuwa yakieleza wasomaji wao maana ya kichekesho hicho.

Toaplan haikuwapo tena kushuhudia hayo. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 1994, miaka 7 kabla sentensi yake haijawa maarufu.

Visa vitatu vya baadaye vinafaa kutajwa kwa sababu vinatufundisha jambo kuhusu lugha na muktadha. Cha kwanza kilitokea tarehe 1 Aprili 2003 katika mji mdogo wa Sturgis, jimbo la Michigan. Vijana 7 wenye umri wa miaka 17 hadi 20 walitundika mabango mjini yenye maneno ya CATS, pamoja na yale yanayowaambia watu kwamba hawana nafasi ya kuokoka. Kwao ulikuwa mzaha wa siku ya wajinga. Lakini Marekani ilikuwa imeingia vitani Irak, wiki mbili hazijatimia, na wenyeji wasioujua mchezo walisoma maneno yale kama yalivyo, yaani tangazo la kutekwa na kuuawa. Mkuu wa polisi wa mji alisema kwamba mabango hayo yangeweza kukaribia kuwa tishio la kigaidi, kutegemea msomaji ameyafasirije. Mwalimu wa pragmatiki hahitaji mfano mwingine: maneno yale yale, kwa msomaji mmoja ni kichekesho na kwa jirani yake ni kitisho.

Kisa cha pili ni cha Juni 2006, ambapo tovuti ya YouTube ilisimama kwa muda ili irekebishwe. Wafanyakazi wake waliweka ujumbe wa mzaha ulioigiza sentensi ya CATS, wakisema kwamba video zote sasa ni zao. Baadhi ya watumiaji walidhani tovuti imevamiwa, ikabidi kampuni ieleze kwamba ilikuwa ikitania. Cha tatu ni cha Juni 2014, ambapo Elon Musk alitangaza kwamba kampuni ya Tesla haitawashitaki watakaotumia hataza zake kwa nia njema. Kichwa cha tangazo lake kiliigeuza sentensi ya CATS: hataza zetu zote ni zenu. Sarufi mbovu ilihifadhiwa kwa makusudi. Kwa hiyo kosa la mtumishi mmoja wa Tokyo lilikuwa limekwisha kuwa msemo, nao msemo haurekebishwi.

Kijapani kilisema nini

Sasa turudi kwenye matini chanzi, mahali ambapo wacheshi wengi hawakufika. Kwa Kijapani CATS anasema: "Renpō seifugun no go-kyōryoku ni yori, kimitachi no kichi wa, subete CATS ga itadaita." Tukiitia katika Kiswahili cha kawaida: "Kwa ushirikiano wa majeshi ya serikali ya Shirikisho, kambi zenu zote zimechukuliwa na CATS." Tuzichunguze sehemu zake.

Kwanza ni mpangilio wa maneno. Kijapani huweza kuitanguliza yambwa mbele ya sentensi kama mada, kisha kikamtaja mtenda baadaye: kambi zenu, zote, CATS amezichukua. Kiswahili hufanya hivyo bila taabu kwa sababu kina kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. Twasema "Kambi zenu zote tumezitwaa," na ile -zi- inatuunganishia mbele na nyuma. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Mfasiri anayetaka kuanza na kambi lazima atumie kauli ya kutendwa, au abadilishe kitenzi. Yaelekea mtumishi wetu alichagua kubadilisha kitenzi, akachukua kile chenye maana ya kuwa mali ya mtu, kisha akakitangulizia kitenzi kishirikishi kisichohitajika. Vitenzi viwili vikajikuta katika nafasi ya kimoja.

Tusimcheke haraka. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kutoka Kiingereza huandika "Mimi ni ninasoma," naye amefanya jambo lile lile. Ameona katika lugha moja vipande viwili, akavitafutia vipande viwili katika lugha ya pili.

Pili ni idadi. Nomino ya Kijapani "kichi" haionyeshi kama kambi ni moja au nyingi. Neno "subete" ndilo linaloleta maana ya zote. Hapa Kiswahili kinafanana nacho nusu. Nomino "kambi" nayo haibadiliki katika umoja na wingi, lakini upatanisho wa kisarufi hautuachi gizani, kwa sababu "kambi yenu" na "kambi zenu" ni vitu viwili. Kiganda na lugha nyingine za Kibantu za wanafunzi wetu hufanya hivyo hivyo kwa viambishi vyao. Mfasiri wa Zero Wing aliiacha nomino katika umoja na kitenzi katika wingi. Hilo ndilo lililochekwa zaidi, ingawa ndilo lililodhuru kidogo zaidi. Hakuna msomaji aliyeshindwa kuelewa kwamba kambi ni nyingi.

Tatu ni adabu. Kitenzi "itadaku" maana yake ni kupokea kwa unyenyekevu, na ndicho Wajapani wanachokitamka kabla ya kula. Neno la ushirikiano nalo limetanguliwa na kiambishi cha heshima, "go-". CATS hazungumzi kama jambazi. Anazungumza kama mgeni mwenye adabu aliyekaribishwa chai, na adabu hiyo ndiyo inayouma. Kiswahili kina chombo tayari kwa kazi hii. Kwenye matangazo ya redio na mabango ya michezo twasoma kila siku "kwa hisani ya," likifuatiwa na jina la mfadhili. Basi CATS wa Kiswahili angesema: "Kwa hisani ya majeshi ya serikali ya Shirikisho, kambi zenu zote tumezipokea." Hapo kinaya kinasikika bila kuongeza neno.

Kinaya hicho kimeanza tangu salamu yake. Kwa Kiingereza CATS anawasalimu tu mabwana hao, kana kwamba anasema hamjambo. Kwa Kijapani anawaambia kwamba anaona wana shughuli nyingi, na wakati huo meli yao inalipuka. Kwetu sisi salamu ya kumpa mtu mwenye shughuli ipo: "Poleni na kazi, mabwana." Gyebaleko ya Kiganda ingefaa vile vile. Kiingereza hakina salamu ya namna hiyo, na pengine mfasiri stadi naye angepata shida hapo. Lakini angalau angejua kuna kitu cha kutafutwa.

Nne, na hili ndilo kubwa, nusu nzima ya sentensi haimo. Maneno yanayotaja majeshi ya serikali hayakutafsiriwa hata kidogo. Msomaji wa Kijapani anaambiwa kwamba kambi zilichukuliwa kwa msaada wa upande wa serikali yenyewe. Waweza kulisoma hilo kama usaliti wa kweli, au kama dhihaka ya adui anayeishukuru serikali kwa uzembe wake. Kwa vyovyote vile anajua kwamba kuna aliyeufungua mlango. Msomaji wa Kiingereza hajui. Kwake CATS ni mvamizi tu aliyetoka gizani akashinda. Mbele kidogo CATS anawashukuru tena kwa ushirikiano wao, na shukrani hiyo nayo imeachwa.

Uhamishaji huo ulibadilisha hadithi hadi mwisho wa tamthilia. Fundi wa Kijapani anasema kwamba inaelekea baruti imetegwa na mtu asiyejulikana. Kitenzi chake ni "shikakeru," yaani kutega, na Kiswahili kingekitafsiri kwa urahisi: "Inaelekea tumetegewa baruti." Neno "tega" lina hila ndani yake, anayetegewa amezungukwa na mtu anayezijua njia zake. Kisha nahodha, baada ya kuamuru ZIG zirushwe, anasema kwamba sasa hakuna budi ila kuwaachia wao kila kitu, na anautakia matumaini mustakabali wao. Kwa Kiingereza anawaambia marubani kwamba wanajua wanachokifanya, kisha anatamka kaulimbiu ya haki kuu. Nahodha aliyechoka, aliyesalitiwa na asiye na njia nyingine, amegeuka kuwa shujaa anayepiga mbiu. Na kwa kuwa sarufi ya sentensi hizo za mwisho si ya kuchekesha sana, wachache waliziangalia.

Somo kwa darasa letu

Tuseme mwanafunzi wetu angeileta sentensi ya CATS kama zoezi la tafsiri. Tungechukua kalamu nyekundu. Tungepiga mstari chini ya nomino ya umoja, tungezungushia duara kitenzi kilichozidi, tungetoa alama 4 kati ya 10, na pembeni tungeandika "angalia upatanisho." Wiki ijayo mwanafunzi angerudi na sentensi safi ya Kiingereza, isiyo na kosa hata moja la sarufi, inayosema kwamba kambi zenu zote ni mali yetu. Tungempa alama zote.

Na tungekuwa tumempa alama zote kwa tafsiri iliyotupa nusu ya matini chanzi.

Hapo ndipo Zero Wing unapotuhoji sisi walimu. Kosa la sarufi linajionyesha lenyewe. Hata asiyejua lugha ya chanzi analiona. Uachaji haujionyeshi. Ili kuuona, lazima msomaji aweke matini mbili kando kwa kando na kuuliza, kipande kwa kipande, hiki kimekwenda wapi? Ni kazi ya polepole, na mwalimu mwenye rundo la madaftari hushawishika kuiruka. Matokeo yake ni wahitimu wanaoandika Kiswahili kizuri kisichosema kile kilichosemwa. Katika matini ya mchezo, hasara ni hadithi. Katika maelekezo ya dawa, hati ya ardhi au maelezo ya shahidi mahakamani, hasara ni ya mtu.

Tunapendekeza, basi, kwamba tafsiri za wanafunzi zisomwe mara mbili. Usomaji wa kwanza utazame maana tu: nini kimeachwa, nini kimeongezwa, nani alikuwa mtenda na sasa ni nani. Usomaji wa pili ndio utazame sarufi na tahajia. Alama za usomaji wa kwanza ziwe nyingi kuliko za pili. Zoezi la kuanzia linaweza kuwa hili hili: wanafunzi wapewe maana ya maneno ya CATS kwa Kiswahili tulivyoieleza hapo juu, wayatafsiri kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha wabadilishane daftari na kutafuta kilichopotea kabla ya kugusa kosa lolote la sarufi.

Somo la pili linahusu kicheko chenyewe. Wengi walioicheka sentensi ile walikuwa na Kiingereza tangu utotoni, na aliyechekwa alikuwa akijaribu lugha ya pili. Sisi tuko upande wake. Wanafunzi wetu wengi walikulia katika Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiteso, na Kiswahili wamekipata darasani. Wakienda pwani hutazamwa midomo. Wakirudi nyumbani huambiwa wamejifanya Waswahili. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, tunahitaji watu wengi zaidi wa kukiandika na kukitafsiri, na hawatapatikana ikiwa kila anayefungua kinywa anachekwa kwa ngeli. Hujafa hujaumbika: anayecheka "kambi yenu zote" leo, kesho ataandika barua kwa lugha ambayo yeye ndiye mgeni wake.

Hitimisho

Zero Wing haujapotea. Masahiro Yuge, mmoja wa waliokuwa Toaplan, alianzisha mwaka 2017 kampuni ya Tatsujin inayotunza michezo ya Toaplan, na mwaka 2022 mchezo huo wa Mega Drive uliingizwa katika huduma ya Nintendo ya michezo ya zamani. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa kaseti ilipotoka sasa wanaucheza, nao wengi huanza kwa kuitafuta ile sentensi.

Mtumishi wa Toaplan aliyeiandika hakuwa na mhariri mwenye ujuzi aliyeziweka matini mbili mbele yake na kuuliza yale majeshi ya serikali yamekwenda wapi. Kumtoa mhariri huyo ndiyo kazi ya idara kama yetu.

Tunawaalika wanafunzi na walimu watuletee tafsiri zao za Kiswahili za tangazo la CATS kwa ajili ya toleo lijalo. Sharti ni moja: majeshi ya serikali yasisahauliwe tena.